Ipi ianze? Filamu za Kifaransa kwa watu wasiojua Kifaransa hata neno

binti_chumbageni

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kuchagua, ila kwanza nitamwaga ya kwangu yote, kwa hiyo nivumilieni.

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi tunatundika shuka ukutani huku uani, naazima projekta, majirani wanakuja na viti vyao. Za Kikorea tumeshaangalia, za Kinaijeria tumeshaangalia, za Kihindi baba angetaka kila siku. Mwezi huu nimeahidi ya Kifaransa, na kosa langu ni kwamba niliahidi kabla ya kuwaza nani anakuja. Yuko baba, mstaafu wa reli, Kiingereza anakisoma polepole. Yuko mama wa vitumbua wa jirani, ambaye hasomi maandishi ya chini ya aina yoyote. Yuko mdogo wangu wa kidato cha tatu, dakika tano zikipita bila mtu kupigwa anashika simu. Na shemeji, ambaye hukosoa hata maji ya kunywa.

Maandishi ya chini niliyo nayo ni ya Kiingereza, nitatafsiri kwa mdomo, niwe Lufufu, yule mfasiri wa filamu kwa sauti, wa Chumbageni. Lakini Lufufu alikuwa akitafsiri watu wanaorushiana ngumi. Sijui angefanyaje na Wafaransa wawili chumbani wanaozungumza tu. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: ukizima sauti, kinabaki nini?

Intouchables (2011). Hii ndiyo kila mtu ananiambia nianze nayo. Omar Sy ameibeba mgongoni, na ile César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, ya mwigizaji bora aliyopata mwaka 2012, mtu mweusi wa kwanza kuipata, alistahili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mara ya pili nikaanza kujiuliza mbona tajiri anafundishwa kuishi, na maskini anafundishwa kuvaa suti. Kisa chenyewe ni cha kweli, cha Philippe Pozzo di Borgo, tajiri aliyepooza mwili, na msaidizi wake Abdel Sellou, mzaliwa wa Algeria. Kwenye filamu Abdel amegeuzwa Msenegali hodari wa kucheza dansi. Haya. Ukizima sauti inabaki dansi hiyo na kuruka kwa parachuti milimani. Utani wote unaondoka na maneno.

Amélie (2001). Peremende. Tamu, ila ukila pakiti nzima jino linakukumbusha. Kijani na nyekundu kila pembe, mtaa wa Montmartre, Paris, umesuguliwa kama sufuria za sikukuu. Ukizima sauti unapoteza muziki wa Yann Tiersen na yule msimulizi asiyepumua, yanabaki macho ya Audrey Tautou. Si haba.

À bout de souffle (1960). Msinipige mawe. Najua mwongozaji Godard alileta nini: picha inakatwa katikati ya tendo, mtu yuko hapa, kufumba na kufumbua yuko pale, kamera inasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Lakini yule Michel simpendi, na hakuna anayeweza kunilazimisha. Anaiba gari, anaua polisi, anajipapasa midomo kwa kidole kama Bogart, yule nyota wa Hollywood, halafu tunafungiwa naye chumbani kwa yule binti wa Kimarekani zaidi ya dakika ishirini. Na steringi anakufa. Mdogo wangu hatanisamehe.

Un prophète (2009). Katika hizi zote ndiyo iliyotengenezwa vizuri kuliko zote, na haiingii uani kwetu. Aliyeona sehemu ya wembe mdomoni anajua sababu.

Anatomie d'une chute (2023). Ilichukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, na Justine Triet ni mwanamke wa tatu tu kuongoza filamu iliyoipata. Saa mbili na nusu za kesi: mume kaanguka toka juu ya nyumba ya milimani, je, mke kamsukuma? Nimeipenda mno, ila ni maneno matupu. Nikizima sauti anabaki mbwa. Mbwa mwenyewe, lakini, anaigiza kuliko baadhi ya watu tunaowajua.

La Haine (1995). Nimeiangalia mara tatu. Siku moja ya vijana watatu wa mtaa wa maghorofa nje ya Paris, baada ya usiku wa ghasia. Mwenzao yuko mahututi kwa kipigo cha polisi, na bastola iliyopotea ya polisi mmoja kaiokota Vinz. Haina rangi, ni nyeusi na nyeupe, na saa inaandikwa kwenye skrini ikisogea. Hata bila sauti tumbo linakaza. Lakini mwisho ule! Watu wataondoka uani bila kuaga.

Cléo de 5 à 7 (1962). Hii ndiyo naitaka mimi. Agnès Varda anamfuata mwimbaji mmoja wa Paris anayesubiri majibu ya daktari, anaogopa ni saratani. Inaanza saa kumi na moja jioni kwa mpiga ramli wa karata (hapo tu ndipo pana rangi), na muda wa filamu unakwenda karibu sawa na saa ya ukutani. Anajaribu kofia dukani, anajitazama kwenye kila kioo, anapanda teksi. Hakuna kinachotokea, na moyo unadunda muda wote. Nani kati yetu hajawahi kukaa kwenye benchi la hospitali akisubiri kuitwa jina? Mama wa vitumbua hahitaji tafsiri hapo.

Ipo pia Les Quatre Cents Coups ya Truffaut, niliiona zamani chuoni, nakumbuka mtoto na bahari, basi.

Haya, semeni.

Kibanda_Umiza

Dada unajitafutia kesi. Weka Banlieue 13 ya 2004, ulale usingizi. David Belle anaruka toka ghorofa hadi ghorofa, na parkour ni yeye na wenzake walioianzisha. Hapo utatafsiri nini? Kwetu kibandani watu walisimama juu ya mabenchi. Au hiyo si ya Kifaransa kwa sababu hakuna anayevuta sigara dirishani?

binti_chumbageni

Ni ya Kifaransa, sikatai. Naiweka akiba kwa siku mdogo wangu akifaulu hesabu.

Kibanda_Umiza

Basi hatutaiona.

msee_wa_kayole

Intouchables bila maneno haishikiki? Wacha nikuambie. Nilienda nayo ushago Krismasi kwa laptopu. Shosho, nyanya yangu, hajui Kifaransa, Kiingereza ni cha salamu. Ile sini Driss, ndiye Omar Sy, ananyoa ndevu za Philippe, anamwachia masharubu ya kila aina, shosho alicheka mpaka chai ikamwagikia leso. Hakuna mtu alimtafsiria kitu.

Mnafikiria sana nyinyi. Tiketi zaidi ya milioni 19 ziliuzwa Ufaransa peke yake, na si wote walienda kutafuta maana. Mtu amechoka, anataka kucheka na jirani yake.

binti_chumbageni

Kaka, shosho ameniyumbisha, nakiri. Ila nikuulize: shosho alikumbuka nini baada ya wiki?

msee_wa_kayole

Alikumbuka kwamba mzungu hakuwa na mke wa kumwosha. Alisikitika sana hiyo sehemu. Sasa hiyo si maana?

bi_kisauni

Mwanangu, mimi ni mtu mzima, nimelelewa na picha za Kihindi tangu mtu hulipia kiti cha mbele kwa senti. Kwanza, kabla hujamkalisha babako mbele ya hiyo Cléo, iangalie tena wewe peke yako. Kuna rafikiye anasimama uchi akichongwa sanamu na wanafunzi. Si kitu kibaya kilivyopigwa, lakini hutajua uangalie wapi.

Pili, mbona hakuna aliyeitaja Les Parapluies de Cherbourg? Jacques Demy, mwaka 1964, na ilipata tuzo kuu ya Cannes. Kila neno huimbwa. Si nyimbo sita na mazungumzo kati. Hata fundi wa gereji akiulizwa kama gari tayari hujibu kwa kuimba. Msichana wa duka la miamvuli apenda fundi, fundi achukuliwa jeshi vita vya Algeria, msichana abaki na mimba, na mamake ana madeni. Kisha yuaja tajiri wa vito, mpole, hana baya. Hapo ndipo nilipolia, kwa kuwa hakuna wa kumlaumu. Picha ya Kihindi ingemfanya tajiri awe jambazi ili tupumue.

Na rangi za kuta za nyumba zile! Pinki, buluu, rangi ya chungwa. Hiyo ukizima sauti bado ni pambo, ila usizime, utamkosea Michel Legrand aliyetunga muziki.

binti_chumbageni

Bi, shikamoo. Ile ya sanamu niliisahau kabisa! Umeniokoa na aibu ya mwaka. Cléo basi imetoka, na roho inaniuma.

mtu_wa_pembeni

The Artist. Haina sauti. Tatizo limekwisha.

shabiki_wa_zamani

Waigizaji wakuu Wafaransa, mwongozaji Mfaransa, lakini kisa ni cha Hollywood na ilipigwa Marekani. Ukionyesha hiyo utasema umewaonyesha nini cha Ufaransa? Halafu ina vibao vya maandishi, atavisoma nani? Kama ni ukimya, chukua Le Samouraï ya 1967. Alain Delon yuko chumbani na ndege wake kwenye tundu, anavaa kofia, anapitisha kidole ukingoni mwa kofia, anatoka, anaiba gari kwa kujaribu funguo moja baada ya nyingine bila haraka. Karibu dakika kumi hakuna anayesema neno. Sijawahi kuona mtu akivaa koti na ukaogopa.

Kibanda_Umiza

Funguo moja baada ya nyingine dakika kumi? Kwetu wangedai hela yao.

Bukavu_Ziwani

Nasoma tangu jana, sasa niingie. Mimi Kifaransa nilifundishwa kwa fimbo, kwa hiyo msidhani anayekijua anakula raha.

La Haine: hata sisi tulipotea. Wale vijana wanageuza maneno kinyumenyume. *Femme* inakuwa *meuf*, *flic*, yaani polisi, inakuwa *keuf*. Niliielewa nusu, na njo vizuri, kwa sababu haikutengenezwa ili mimi nielewe. Lakini kuna jambo ambalo sijaona mtu akilisema hapa. Kassovitz, mwongozaji wake, alianza kuiandika baada ya kijana wa miaka 17 kuuawa kwa risasi ndani ya kituo cha polisi Paris, mwaka 1993. Aliitwa Makomé M'Bowolé, na alikuwa Mzaire. Mtoto wa kwetu. Niliposoma hayo nikairudia, na nikashindwa kucheka hata pale panapochekesha, na panachekesha sana. Waziri Mkuu Alain Juppé aliitisha mawaziri wake waiangalie. Sasa linganisha na Amélie: miaka sita tu baadaye, mji uleule, na mkosoaji mmoja wa kwao aliuliza watu wasio weupe wa Paris wamefichwa wapi. Yuko Jamel Debbouze kwenye duka la mboga, basi.

Anayeipenda La Haine aifuatishe Les Misérables ya Ladj Ly, 2019. Si ile riwaya ya Victor Hugo, ingawa Hugo alipita hapo Montfermeil, nje ya Paris, na kitabu chake. Ly amekulia humo. Mtoto kaiba mwana-simba wa sarakasi, polisi wanamtafuta, mmoja anafyatua, na juu kuna droni ya mtoto mwingine imerekodi yote.

msee_wa_kayole

Hapo umesema. Ya Ly inashinda La Haine, mimi sijali. Kassovitz alikuwa mgeni kwa hiyo estate, Ly ni wa mtaa. Unaiona kwa vile ananyesha... samahani, anaonyesha polisi wa tatu, yule mgeni, kama binadamu pia.

Bukavu_Ziwani

Kakangu, mgeni anayetazama vizuri si kosa. La Haine ina kile kioo: Vinz anajiuliza mwenyewe maswali bafuni, anacheza ujambazi, halafu siku bastola iko mkononi kweli na adui yuko mbele yake, mkono haukubali. Ly hana mtu mmoja ninayemkumbuka hivyo. Anao mtaa mzima, na ngazi ile ya mwisho. Ni vitu viwili.

msee_wa_kayole

Ngazi ile ya mwisho, buda. Sikulala.

Bukavu_Ziwani

Dada wa Chumbageni, sasa swali lako lenyewe. Njo hiyo uliyoitupa mkiani kwa mstari mmoja: Les Quatre Cents Coups, 1959. Kwanza jina. Waliotafsiri kwa Kiingereza waliandika mapigo mia nne, watu wakangoja ngumi. Kwa Kifaransa ukisema mtu anafanya *les quatre cents coups* unasema ni mtundu, hana breki.

Ukizima sauti, hesabu mwenyewe kinachobaki. Mwalimu wa michezo anakimbiza wanafunzi mjini, kamera iko juu, na kila kona watoto wawili wawili wanachomoka, mpaka mwalimu anakimbia na wachache tu bila habari. Antoine, ndiye yule mtoto, kalala mlangoni, kwenye begi la kulalia, wazazi wanamruka wakipita. Alfajiri ya baridi anaiba chupa ya maziwa, anainywa yote kwa pupa, huku ameficha chupa kotini. Anamwona mama yake barabarani akibusiana na mwanamume, na mama anamwona yeye. Hakuna anayesema kitu, na wewe umeshaelewa nyumba nzima. Anawasha mshumaa kwa picha ya mwandishi Balzac kama mtakatifu, kijumba kinashika moto. Kisha gari la polisi usiku, uso nyuma ya nondo, taa za Paris zinapita, na machozi kidogo. Jean-Pierre Léaud alikuwa na miaka 14.

Godard wako huyo alitaka tuone kamera. Truffaut alikuwa na miaka 27 na alitaka tumwone mtoto. Hiyo njo tofauti, kwangu.

shabiki_wa_zamani

Godard si wa kutupwa hivyo, na kisa cha À bout de souffle kiliandikwa na Truffaut huyohuyo, wakati huo wangali marafiki. Lakini kwa uani, mbele ya mama wa vitumbua, nakubali.

bi_kisauni

Hapo penye yule mama daktari akimuuliza maswali, mtoto asema mambo ya malaya. Mfasiri awe na kikohozi tayari.

binti_chumbageni

Nimeamua. Les Quatre Cents Coups, kesho saa mbili usiku, umeme ukitaka.

Kibanda_Umiza

Niwekee kiti cha nyuma, karibu na mlango wa kutokea.

binti_chumbageni

Nimerudi, wakuu. Umeme ulitaka. Watu kumi na moja, na mbu.

Dakika kumi za kwanza nilitafsiri kila kitu na sauti ikakauka. Baba akasema, "Acha, tunaona." Nikaacha, nikawa nachomekea tu pale penye ulazima. Pale Antoine anapomwambia mwalimu kwamba hakuja shule kwa sababu mama yake amekufa, mama wa vitumbua alishika mdomo: "Ya Rabi, kamuua mama yake!" Kisha mama mwenyewe akatokea kwenye kioo cha darasa, mzima, kavaa koti, na uani kukalipuka. Shosho wa Kayole angefurahi.

Baba alikuwa na jambo lake na ile mashine ya taipu. Antoine na rafiki yake wanaiba ofisini kwa baba yake Antoine, wanashindwa kuiuza, anakamatwa akiirudisha. Baba alifanya kazi na mashine za namna ile miaka mingi, akawa anasema, "Ile nzito, ona mkono unavyovutwa, haitafika kona." Na kweli wanapokezana njia nzima. Akakamatwa, baba akasema kwa sauti ya chini, "Anarudisha! Si anarudisha?" Nimeishi naye miaka yote hii, sijawahi kumsikia akimtetea mtoto mwizi.

Mdogo wangu aliweka simu chini kwenye ile pipa kubwa la uwanja wa michezo linalozunguka mpaka watu wanaganda ukutani. Aliichukua tena kwenye mazungumzo, akaiweka chini gari la polisi lilipotokea. Shemeji alisema picha ni ya zamani mno na shuka lina mkunjo. Kikohozi nilikitumia, bi, na baba alinitazama kwa namna inayoonyesha Kiingereza chake si cha polepole kama tunavyodhani.

Halafu mwisho. Mnaujua. Kakimbia, kakimbia, kakimbia, kashuka ngazi, kafika kwenye maji, kageuka, katutazama, na picha ikaganda.

"Imekwama," akasema mama wa vitumbua.

Mdogo wangu alikuwa ameshasimama, anatikisa waya wa projekta. Mwingine akasema ni bando. Nikawaambia haijakwama, ndiyo mwisho. "Mwisho gani? Kaenda wapi?" Shemeji akasema nimepakua nusu. Tulibishana mpaka chai ikapoa: wengine wanasema atarudishwa tu, mdogo wangu anasema ataogelea, baba anasema kwa koti lile na baridi ile hawezi. Walikuwa bado wanabishana wakati nakunja shuka.

Leo asubuhi nimeenda kununua vitumbua. Mama kanipa chenji, akanishika mkono. "Yule mtoto, mama yake alikwenda kumchukua?" Nikamwambia alikwenda kumtembelea, akamwambia hawamtaki tena nyumbani. Ilikuwemo, ila hapo sikutafsiri. Akatikisa kichwa, akaniongezea kitumbua kimoja, sijui ni cha kwangu au cha Antoine.

Mwezi ujao ni Cherbourg, bi umeshinda. Baba nimeshamwambia ina nyimbo, amefurahi sana. Sijamwambia kwamba ni nyimbo tupu.

msee_wa_kayole

Kwa hivyo Intouchables ni lini?

Kibanda_Umiza

Foleni, ndugu. Mimi nilitangulia.